Shimo la Vyumba Vitatu

Anouar wa avenue ya kumi na tisa, Buyenzi, alikuwa fundi wa magari ambaye gari likikohoa mbele ya lango lake alijua ugonjwa kabla dereva hajazima. Jambo moja tu lilimshinda maishani, nalo ni kumwambia mtu, "Ulisema kweli." Maneno hayo yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki, hasa pale aliyesema kweli alipokuwa mke wake.

Na mke wake, Assia, alikuwa amesema kweli kwa miaka kumi na saba. Nyumba yao ilisimama nyuma ya uwanja wa garaji ya Anouar. Siku aliyoletwa bibi harusi aliteleza kwenye dimbwi la oili mbele ya mlango, akaketi chini na gauni lake lote mbele ya wapiga dufu, na tangu siku hiyo hakunyamaza.

"Papa Hidaya," alikuwa akimwambia, "hii mafuta unamwaga chini, mvua ikikuja inaenda mu mtaro. Mtaro inaenda mu mto Ntahangwa. Ntahangwa inaenda mu ziwa. Na samaki ya ndagala tunakula inatoka wapi? We unajilisha oili yako mwenyewe."

"Ziwa ni kubwa," Anouar alijibu, na kuingia tena chini ya gari.

Mwaka huo petroli ilikuwa adimu mjini. Watu waliacha magari yao yakiwa yamelala, wakaona basi heri yalale kwa fundi yakitengenezwa. Uwanja wa Anouar ukajaa magari ya Probox mpaka kuku wakakosa pa kupita. Oili nzee ilimwagwa kila siku, injini zikaoshwa kila siku, na udongo wa pale ukawa mweusi kiasi kwamba paka wa jirani akipita aliacha nyayo hadi msikitini.

Mvua za Novemba zilipoanza, balaa likafika kwa miguu ya bata.

Jirani yao Mzee Mohamadi, fundi cherehani aliyestaafu, alikuwa na bata sita weupe. Aliwapenda kuliko alivyopenda redio yake, na redio yake alilala nayo. Asubuhi baada ya mvua kubwa ya kwanza bata hao walishuka mtaroni kuoga, na adhuhuri wakarudi nyumbani mmoja nyuma ya mwingine, weusi tititi. Mzee Mohamadi, ambaye macho yake yalikuwa yameishia kwenye tundu la sindano, aliwatazama, akachukua ufagio, akawafukuza.

"Mutoke! Si kwenu hapa!"

Bata wakarudi. Akawafukuza tena. Mara ya tatu akatoka barabarani na kupiga kelele kwamba mwizi ameiba bata wake weupe na kumwachia sita wa kishetani badala yao. Watu wakajaa. Wengine walisema ni uchawi, wengine walisema mwizi anayeacha bata wengine si mwizi bali mfanyabiashara. Mwisho akaitwa mkuu wa nyumbakumi, naye akaja pamoja na binti mmoja mwenye buti za mpira na faili kwapani. Aliitwa Orlane, wa ofisi ya mazingira, na wiki hiyo alikuwa akizunguka kukagua magaraji ya mtaa.

Orlane alimkamata bata mmoja, akatoa kitambaa mfukoni, akamsugua ubavuni. Kikatokea kidoa cheupe, kikubwa kama kiganja.

"Mzee, hawa ni bata zako," akasema. "Wamevaa oili tu."

Mzee Mohamadi akaupapasa ubavu ule mweupe, akamtambua mwanawe, akamkumbatia na kanzu yake safi. Kanzu ile ilikwisha pale pale. Orlane naye akaanza kuufuata mtaro kwa macho, taratibu, kutoka kwa bata kupanda juu, hadi macho yake yalipofika kwenye lango la Anouar na kwa Anouar mwenyewe, ambaye alikuwa amesimama akitazama kama mtu aliyekuja msibani kwa watu asiowajua.

"Garaji ziko mingi Buyenzi," Anouar akawahi.

Wakati akisema hivyo, uzi mwembamba wa oili ulikuwa ukitoka uwanjani kwake na kupita kati ya miguu yake. Akausukumia mguu wa kulia juu yake. Uzi ukazunguka kidole gumba na kutokea upande wa pili. Akaweka na mguu wa kushoto. Umati wote ukawa unaangalia kandambili zake. Uzi ukatulia kidogo, ukajikusanya, kisha ukapita katikati na kuendelea na safari yake.

"Fundi," Orlane akasema kwa upole, "inua miguu."

Walikaa saa nzima kwenye benchi la garaji. Orlane akamchorea kwenye karatasi kitu alichokiita separateri: shimo la zege lenye vyumba vitatu. Maji yote ya kuoshea magari na ya sakafuni yanaingia chumba cha kwanza, mchanga na tope vinazama humo. Mafuta ni mepesi, yanapanda juu na kubaki juu. Maji yanapita kwenye mabomba kuingia cha pili, kisha cha tatu, na yakitoka mwisho yanakuwa safi, yanaweza kwenda mtaroni bila kumdhuru mtu wala bata. Paa la mabati lijengwe juu ya sakafu ya kuoshea, ili mvua isifurike ndani na kuyasukuma mafuta nje. Mafuta yanayoelea yakusanywe kila wiki, yatiwe kwenye pipa lenye mfuniko, na gari litapita kuyachukua.

"Mwezi ukiisha nitarudi," alisema Orlane. "Kama haipo, tutaweka kufuli kwa lango."

Anouar aliitazama ile karatasi na kitu kikamchoma. Haikuwa kazi ya shimo. Kazi hakuiogopa. Kilichomchoma ni kwamba kila mstari wa mchoro ule ulikuwa ukisema, kwa sauti ya Assia, *mtaro inaenda Ntahangwa, Ntahangwa inaenda mu ziwa*. Akakunja karatasi mara nane na kuificha ndani ya kofia. Aliamua kwamba Assia, aliyekuwa sokoni wakati wa mkasa ule, hatajua lolote hadi shimo liishe. Siku hiyo atamshika mkono, atamwonyesha, na atamwambia kwamba ni wazo lake mwenyewe, alilolifikiria kwa muda mrefu.

"Nataka kupanua hapa kwetu," alimwambia jioni, akinawa mikono. "Kuna mutu atakuja kujenga nyuma ya jikoni. Usiulize mingi."

Assia, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuambiwa asiulize mengi, akaanza kusikiliza mengi.

Mwashi alikuwa Byamungu, mtu wa Uvira anayeishi Kinama, hodari wa zege na mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa. Kesho yake Anouar alimpigia simu akiwa ameegemea ukuta wa jikoni, na kwa kuwa Byamungu alipiga kelele upande wake, Anouar naye akapiga kelele upande wake. Ndani, chini ya dirisha, Assia alikuwa akichambua maharage. Aliyoyasikia Assia, Anouar alikuja kusimuliwa baadaye, tena mara nyingi, na kila mara kwa sauti ileile yake ya simu.

"Byamungu! Nimeamua. Tatu! ... Ee, tatu. Moja haitoshi, Orlane ameniambia. ... Sikiliza. Ya kwanza ni kubwa, nzito, inakaa hapa karibu na jikoni. Matope yote na uchafu yote ibaki na ile ya kwanza. ... Ya pili ya katikati, safi kidogo. Lakini ya tatu! Ya tatu ni safi kabisa, mutu akiangalia anaona sura yake. ... Assia? Apana, apana, usimuambie. Nataka aikute tayari."

Assia aliitazama sufuria ya maharage. Kisha akajitazama mwenyewe, mkubwa, mzito, karibu na jikoni. Akaweka chini harage alilokuwa ameshika.

Anouar hakuelewa kwa nini nyumba ilibadilika. Mchana huo alipoketi kula, mbele yake zililetwa sahani tatu badala ya moja. Ya kwanza ilikuwa na ukoko ulioungua. Ya pili wali mtupu. Ya tatu wali, maharage, na kipande cha nyama chenye mchuzi.

"Chagua," Assia akasema, mikono kiunoni.

Anouar alikuwa na njaa. Akavuta ya tatu.

"Hii ya tatu ndiyo nzuri," akasema na mdomo umejaa. "Hizo zingine peleka kwa kuku."

Assia akaingia chumbani na kufunga mlango. Anouar akafikiri labda kichwa kinamuuma, akamaliza nyama.

Siku mbili hakusemeshwa. Siku ya tatu Assia akatokea uwanjani saa nne asubuhi amevaa kitenge kipya, wanja machoni, manukato hadi mafundi wote wawili wasaidizi wakapiga chafya, akapita mbele ya shimo la Byamungu bila kugeuza shingo. Siku ya nne akavaa gauni la kudekia. Anouar alitingisha kichwa na kujisemea kwamba mwanamke ni injini ambayo kitabu chake hakijachapwa.

Kisha Orlane akaja na futi ya kupimia, kuona kazi imefika wapi. Assia akamletea maji kwenye kikombe kilichopasuka mdomo.

"Mama, utafurahi sana kazi ikiisha," Orlane akamwambia akinywa kwa uangalifu. "Utapumzika. Hautasumbuka tena na uchafu ya bwana yako."

"Kweli?" Assia akasema.

"Kabisa. Mi nitakuwa nakuja mwenyewe kuangalia. Kila miezi tatu."

"Kila miezi tatu tu?" Assia akauliza kwa sauti iliyopanda kama filimbi. "Na siku zingine?"

"Siku zingine atafanya peke yake. Nimemufundisha."

Kikombe kikachukuliwa kabla hakijaisha.

Ijumaa Anouar alirudi kutoka swala ya alasiri akakuta viatu vya wageni mlangoni. Sebuleni aliketi Shangazi Raihana, aliyemlea Assia, mwanamke ambaye avenue ya sita yote ilimwogopa, hata askari wa pale. Kando yake Mzee Mohamadi, aliyeitwa kama mkubwa wa jirani, na aliyekuja akifikiri ataulizwa habari za bata. Assia alikuwa kwenye mkeka, mtandio mpya kichwani, na sanduku lake la nguo ubavuni.

Anouar alimwona Mzee Mohamadi, akaona uso wa Shangazi, akajua wamesikia habari za shimo. Basi, alijiambia, siri imetoka. Akaketi.

"Asalamu aleikumu, Shangazi."

"Aleikumu salamu. Mukwe, tumesikia unajenga."

"Ee, Shangazi. Kweli najenga. Nilitaka kuficha, lakini mutu hawezi kuficha kitu kubwa hivi."

Shangazi Raihana alikuwa amejitayarisha kwa mwanaume atakayekana. Huyu aliyekiri kabla ya chai alimkosesha mpangilio. Akashusha pumzi.

"Na ni kweli zinakuwa tatu?"

"Tatu, Shangazi. Mi nilidhani mbili ingetosha. Orlane ndiye alisema apana, tatu ni bora."

"Orlane ndiye alisema!" Shangazi akamgeukia Mzee Mohamadi. "Umesikia? Yule mwenyewe ndiye anapanga hesabu!"

"Orlane ni mutoto muzuri," alisema Mzee Mohamadi. "Alimusugua bata wangu."

"Mzee, tuache bata kwanza." Shangazi akarudi kwa Anouar. "Dini imeruhusu, sikatai. Lakini dini inataka haki. Utaweza kuzitendea haki zote tatu?"

Anouar akafikiri. Hakujua kama dini ilikuwa imezungumza juu ya separateri, lakini Shangazi alikuwa amesoma kuliko yeye.

"Nitaweza, inshallah. Si kazi ngumu. Mara moja kwa wiki nafungua, naangalia, natoa ile iko juu, nafunga."

"Unafunga?"

"Lazima, Shangazi. Kuna kifuniko ya chuma. Batoto wasianguke."

Mkeka ukatikisika. Assia alikuwa ameanza kulia kwa kwikwi, au kwa hasira, Anouar hakuweza kutofautisha.

"Na huyu hapa," Shangazi akasema, akimwonyesha Assia kwa kidole, "huyu amekuoshea nguo ya oili miaka kumi na saba, huyu ndiye unasema abaki na matope yote?"

"Assia? Apana! Assia hataguza kitu! Matope inabaki kwa ya kwanza."

"Na ya kwanza ni nani?" Assia akapiga ukelele, akasimama. "Si mimi? Niliisikia na masikio yangu! Kubwa, nzito, karibu na jikoni!"

Anouar akafungua mdomo. Kabla hajapata cha kutia ndani yake, mlango ukapigwa na kufunguka, akaingia Byamungu, mweupe kwa simenti tangu nywele hadi vidole vya miguu, anatabasamu na meno yote.

"Bosi!" akanguruma. "Ya tatu iko tayari! Iko nyuma ya jikoni, inakungoja!"

Shangazi Raihana, miaka sitini na nane, magoti mabovu, akainuka kama aliyechomwa, akampita Byamungu, akanyakua kiatu chake kimoja mlangoni, akatoka nje.

"Niachieni!" alisema, ingawa hapakuwa na aliyemshika. "Niachieni nimufundishe adabu!"

Wote wakamfuata. Akazunguka jikoni, kiatu juu, akatazama kushoto, akatazama kulia. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na sepetu, ndoo, na mbwa wa jirani amelala.

"Iko wapi?"

"Hii hapa, mama," Byamungu akasema kwa heshima. "Angalia mbele ya miguu. Umekaribia kuingia ndani."

Shangazi akatazama chini. Palikuwa na shimo refu la zege, limegawanywa na kuta mbili, limejaa maji. Katika chumba cha tatu, maji yakiwa matulivu kabisa, akaona bibi mmoja mwenye hasira ameinua kiatu.

Anouar akaanza kuelewa, si yote kwa pamoja, bali kama gari la dizeli linavyowaka asubuhi ya baridi, taratibu na kwa kutikisika. Sahani tatu. Manukato. Kikombe. Akaketi juu ya ndoo.

"Subhanallah," akasema. "Assia. Mulidhani ni bawake?"

"We ulisema tatu!"

"Vyumba! Vyumba tatu ya shimo! Ya kutenganisha mafuta na maji!"

Akavua kofia, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane, akaikunjua. Assia akaisoma. Shangazi akaisoma. Mzee Mohamadi akaishika kichwa chini miguu juu na kusema ni mchoro mzuri. Kisha Shangazi Raihana akavaa kiatu chake polepole, akisema hewani kwamba yeye tangu mwanzo aliona kitu hakijakaa sawa.

"Juu ya nini hukuniambia?" Assia akauliza.

Anouar akatazama mbwa.

"Nilitaka nikuonyeshe kwanza. Ngoja. Ngoja nikuonyeshe, utaona."

Hapo sifa zikampanda. Hadhira alikuwa nayo, shimo alikuwa nalo. Byamungu alieleza kwamba vyumba vilijazwa maji tangu asubuhi, ndivyo separateri inavyofanya kazi, kinachoingia kinasukuma kinachotoka. Anouar akachukua ndoo ya maji, akamimina ndani oili nzee nusu dumu, akakoroga kwa kijiti kama mpishi wa harusi. Akainua.

"Muangalie bomba ya mwisho," akatangaza. "Itatoka maji ya kunawia uso. Mi mwenyewe nitanawa."

Akamwaga. Akamwaga ya pili, ya tatu, ya nne. Akaenda mwisho wa shimo, akachuchumaa mbele ya bomba la kutokea, akatega viganja viwili kama mtu anayetaka kutawadha.

Bomba likaguna. Likatoa maji kidogo. Kisha likatoa oili, nyeusi, nene, tupu kabisa bila tone la maji, ikajaa viganjani na kumtiririkia hadi kwenye viwiko. Maji mengine yote yalibaki ndani. Separateri ilikuwa imetenganisha vizuri sana, ila ilikuwa imeshika kile cha kuachia na kuachia kile cha kushika.

"Nawa basi," Assia akasema.

Mzee Mohamadi akaanza kucheka. Alicheka kimya kimya, mabega tu yakiruka, hadi kofia yake ikaanguka ndani ya chumba cha pili. Byamungu akajikuna kichwa na kumwaga simenti.

"Bosi, mi nimeweka mabomba yote midomo ikiangalia juu," akasema. "Ili ipumue. Hii karatasi sikuiona, uliificha mu kofia. Ulinieleza kwa telefone tu."

Anouar akazunguka shimo mara mbili. Yeye aliyejua ugonjwa wa gari kwa kusikia kikohozi alikodolea macho vyumba vitatu vya maji na hakuona kitu. Akasema labda zege ni bichi. Akasema labda oili ile ni ya Kijapani.

Assia alikuwa amechuchumaa kwenye ukuta wa kwanza, ametia kidole majini, anaangalia.

"Papa Hidaya," akasema, "nikipika mifupa, mafuta inakaa wapi mu sufuria?"

"Juu."

"Na we daktari alikukataza mafuta. Nikitaka kukupatia supu isiyo na mafuta, nachota wapi?"

Anouar akatazama bomba.

"Nachota chini," Assia akajijibu. "Nazamisha upawa mpaka chini. Sasa hii bomba yenu iko inachota juu. Byamungu, geuza hizo kodo. Midomo iangalie chini, izame mu maji."

Kwa bahati kodo, vile viwiko vya plastiki, zilikuwa bado hazijatiwa gundi. Byamungu akalala kifudifudi, akatia mkono hadi begani, akazungusha ya kwanza, akazungusha ya pili, akazungusha ya mwisho. Assia akaleta upawa wa zamani akaondoa mafuta yote yaliyokuwa yameingia chumba cha tatu, Shangazi Raihana akamshikia ndoo, akitoa maelekezo. Kofia ya Mzee Mohamadi ikaopolewa, ikawekwa juu ya jiwe, na kila mtu akakubali kwamba haitarudi kichwani.

Anouar akakoroga ndoo nyingine. Safari hii hakutangaza kitu. Akamwaga nne, tano, sita. Mafuta yakasambaa juu ya chumba cha kwanza, yakabaki pale yaking'aa rangi za upinde wa mvua, hayana pa kwenda. Bomba la mwisho likaguna, likatoa maji. Maji tu. Byamungu akayanusa. Mzee Mohamadi akatia kidole na kukifuta kwenye ule upande wa kanzu uliobaki mweupe, akauleta karibu na macho, ukawa bado safi.

Wakabaki wote wakimtazama Anouar. Oili ilikuwa imemkauka mikononi hadi kwenye viwiko. Alikohoa. Akasema jambo kuhusu simenti, hakuna aliyelishika. Mwisho akasema, akitazama maji:

"Ulisema kweli."

"Sijasikia," Assia akasema.

"Ulisema kweli, Mama Hidaya. Juu ya bomba. Na juu ya mtaro. Na Ntahangwa." Akapumua kama aliyebeba gearboksi na kuitua. "Na ziwa."

Haikumuua. Alishangaa mwenyewe. Walipoingia sebuleni Assia akachukua sanduku lake la nguo, akampa alibebe kulirudisha chumbani, na Anouar akalibeba na kuliachia alama kumi za vidole vyeusi ambazo hazikutoka hata kwa sabuni ya unga.

Mwisho wa mwezi ulikuja na mvua kali. Orlane alifika na buti zake katikati ya mvua hiyo, kwa makusudi, akasimama chini ya mabati mapya akitazama bomba. Anouar akaanza kumwelezea, akachanganya cha pili na cha tatu, Assia akamtoa njiani na kueleza yeye, kuanzia mchanga hadi kodo, bila kukosea hata chumba kimoja. Orlane aliandika, akapiga mhuri faili likiwa juu ya goti, na alipoelezwa kisa cha wake watatu akapaza sauti ya mshangao kwa lugha ya kwao, "Yampaye inka!" na ikabidi aketi kwenye tairi hadi kicheko kimwishe. Alikuwa na mchumba Gitega, alisema, mtu mrefu asiyejua hata kufungua boneti. Aliondoka na sambusa nane zilizofungwa kwenye gazeti.

Habari zilitembea. Wiki iliyofuata garaji ya Rachid, avenue ya kumi na saba, ilichimba shimo lake, kisha mbili za karibu na soko, na Byamungu akawa hana siku ya kupumzika. Kila aliposimamisha kuta Anouar aliitwa kukagua mabomba, naye alikwenda, akachuchumaa, akatia mkono hadi begani. Huko kwa Rachid alikaa siku moja tangu asubuhi akibishana kuhusu urefu wa kodo, akasahau saa. Aliporudi nyumbani Assia na Shangazi Raihana, aliyekuja kuwatembelea, walikuwa wameshakula na kuosha vyombo. Alipewa ugali wa baridi na mboga kidogo ya lengalenga. Akala amesimama, akafuta mikono, akaenda kuona kwa nini Probox moja ya kijani iliyomngoja uwanjani haitaki kuingia gia ya tatu.